Bibi Bata Anakabidhi Kadi Zake

Tarehe 30 Novemba mwalimu wetu wa chekechea anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba kilekile cha mwisho wa varanda. Jina lake kamili liko kwenye mafaili ya ofisi. Watoto, wazazi na hata dereva wa basi la shule humwita Bibi Bata.

Jina hilo alijitakia. Alipoajiriwa alikuta watoto wa miaka mitano wakiimba "moja na moja mbili" kama kasuku, bila kujua wanajumlisha nini. Akakata maboksi ya sabuni, akachora bata: watatu huku, wawili kule, haya, hesabuni wote. Kwa kufundisha hana mpinzani. Kwa kuchora, tusidanganyane. Mzazi mmoja aliwadhani bata wake wa kwanza kuwa mabirika.

Wengine tulimbeza. Mimi, nikiwa mwalimu wa taaluma, nilitaka tarakimu ubaoni, picha zibaki kuwa pambo la ukutani. Mwaka mmoja nikaandika barua kwamba binti wa fundi cherehani arudie darasa, kwani kila akiwekewa bata watatu na wawili alijibu wanne. Ilibaki sahihi yangu tu. Bibi Bata akaniomba nimpe asubuhi moja.

Aliketi kwenye kigoda kando ya mtoto. Hakumsahihisha, alimwomba aguse bata mmoja mmoja. Mtoto akagusa wanne, akamruka wa pembeni aliyetazama nje ya kadi.

"Huyu anaondoka, mwalimu," akasema. "Tukimaliza kuhesabu hatakuwepo."

Bibi Bata alicheka hadi akafuta machozi. Aliniambia kosa ni la mchoraji. Siku hiyohiyo alichora kadi zote upya, bata wakitazamana, na kesho yake mtoto akajibu watano bila kusita. Januari akaingia darasa la kwanza na wenzake.

Barua niliichana. Yule mama fundi hakujua nilivyokaribia kumrudisha nyuma mwanawe, maana Bibi Bata hakumwambia mtu, wala hakunikumbusha hata siku tulizogombania chaki. Tangu hapo sijasaini barua ya namna hiyo kabla ya kukaa na mtoto na kumuuliza anaona nini.

Bibi Bata, pumzika kwa raha, afya iwe nawe, na wajukuu wakuchoshe kwa mema. Aibu yangu umeisitiri miaka kumi na minane. Leo naitoa mwenyewe, wote wajue kwa nini nakushukuru.