Mzee Anthony Tan Mwadime na Nafasi Aliyoiacha Wazi

Ndugu, marafiki na majirani mliokuja kumsindikiza mzee wetu, aliyelala mbele yenu ni Anthony Tan Mwadime, dereva mstaafu wa basi, mume wa Serah, baba yao Maureen na Anne. Aliagiza wasifu wake usiwe mrefu kuliko safari ya basi kutoka Wembley hadi Kilburn. Tutajitahidi, lakini njia hiyo ina foleni, na yeye alilijua hilo kuliko sisi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, Makupa, Mombasa, mtoto wa pekee wa Bi. Mghoi Mwadime, Mtaita wa Wundanyi, na Bwana Tan Kia Seng, seremala wa meli, Mteochew kutoka Chenghai, kusini mwa China. Mwaka 1948 Bwana Tan alipanda meli kwenda kumwona mama yake aliyekuwa mgonjwa, akaahidi kurudi kabla ya Krismasi. Hakurudi. Barua zilikuja mbili, kisha zikakatika. Watu hawakosi la kusema, wakamwambia mtoto kuwa baba yake ana mke wa kwanza huko kwao na keshamsahau. Mama yake alikuwa na jibu moja tu: "Njia imefungwa, baba. Njia, si yeye." Anthony alikuwa na miaka kumi, hakujua amwamini nani. Swali hilo, kwamba je, baba yake alimkana, alilibeba kwa miaka hamsini na mmoja.

Alilelewa Wundanyi kwa babu yake mzaa mama, akasoma shule ya misheni Wesu hadi darasa la nane, mwaka 1954. Siku ya kwanza mwalimu alimuuliza jina, akasema, "Tan." Mwalimu akangoja. "Tan nani? Malizia!" Ndivyo alivyoongezewa Mwadime, jina la babu yake, na akaishi nayo yote mawili bila kugombana na lolote.

Alifanya kazi ya ukarani wa mizigo bandarini Kilindini, kisha tarehe 3 Mei 1964 akafika London na sanduku moja na koti lisilofaa kitu. Alianza kama kondakta, akawa dereva, na kwa miaka thelathini na minne hakuchelewa kazini hata siku moja. Wachina wa mjini walimsemesha Kichina, naye akawajibu Kiswahili. Wakenya wageni walimsemesha Kiingereza cha polepole, mpaka awatanie kwa Kitaita ndipo waombe radhi. Alistaafu mwaka 1998.

Tarehe 6 Septemba 1969, katika kanisa moja la Kilburn, alifunga ndoa na Serah Wakesho, muuguzi. Mungu akawapa Maureen Mkamburi mwaka 1971 na Anne Mkawasi mwaka 1973. Walipohamia Wembley mwaka 1979, jirani yao Bharti, mzaliwa wa Kisumu, alikuwa uani anaanika nguo, mara akamsikia Mchina upande wa pili wa ua akipaza sauti, "Wakesho, mwiko uko wapi?" Kapu la nguo likamdondoka. Tangu siku hiyo hawakuachana. Nyumbani mle kulikuwa na neno moja la Kiteochew alilobaki nalo mzee, "kaki nang", yaani mtu wetu. Kengele ya mlango ikilia, watoto waliuliza, "Kaki nang?" Akiwa ni mtu wetu, hakuna haja ya kuvaa viatu wala kutoa vikombe vya wageni.

Ni Maureen aliyeichukua bahasha ya ile barua ya pili ya Bwana Tan, akampelekea mzee mmoja muuza duka mtaa wa Wachina amsomee anwani, akaandika. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, kutoka kwa Tan Bun Heng, mtoto wa ndugu yake Bwana Tan. Lilikuwa na maneno mawili: "Njooni. Tunangoja."

Oktoba 1999, Anthony, Serah na Anne walifika uwanja wa Heathrow saa saba nzima kabla ya ndege kuruka, maana dereva wa basi haamini ratiba ya mtu mwingine. Kutoka Hong Kong walipanda basi hadi Shantou, jirani na Chenghai, na mzee akakaa nyuma ya dereva akimkagua kila kona. Lakini walipoingia Chenghai alimwacha dereva, akageukia dirishani. Kila mtu barabarani alikuwa na kipaji cha uso kama chake. Wazee walitembea kama yeye, mikono nyuma. Alimshika Serah mkono akamwambia, "Mama Maureen, hawa watu wote wanafanana nami!" Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na hakuwahi kuona jambo hilo tangu azaliwe.

Asubuhi ya kwanza nyumbani kwa Bun Heng alisema kwa upole, "Chai." Mwenyeji akafurahi, akamletea sahani ya mboga za majani inayofuka moshi. Mgeni hachagui, akala. Asubuhi ya pili akasema tena, "Chai," zikaja sahani mbili. Siku ya nne Siok Ling, binti wa Bun Heng, alifika kutoka chuo na Kiingereza chake. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kumbe kwa lugha yao "chai" ndiyo mboga, na chai yenyewe ni "te".

"Mume wangu," Serah akasema, "siku nne unajiagizia sukumawiki!"

Anne naye akasema, "Dad, no more chai, please."

Siku ya tano walipelekwa kwenye nyumba ya mababu wa ukoo wa Tan. Boriti za dari zilichongwa kaa na kamba wa baharini wakipanda mmoja juu ya mwingine, wakapakwa dhahabu, na kila mguu wa kaa ulionekana peke yake. Bun Heng akaonyesha boriti ya kushoto. "Hii aliichonga baba yako, aliporudi." Anthony alivua kofia. Akavuta kiti, akapanda, akaweka kiganja juu ya wale kaa, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Kisha mzee Tan Chiang, mtunza kitabu cha ukoo, mwenye umri wa miaka themanini na minne, akakileta kitabu. Zamani vitabu vya namna hiyo vilipokuwa vikichomwa enzi za mapinduzi, yeye alikifukia ndani ya mtungi chini ya banda la nguruwe. Akakifungua penye jina la Tan Kia Seng, aliyefariki mwaka 1967. Chini ya jina palikuwa peupe. Siok Ling akatafsiri: "Kila mwaka mpya alikuja kwa babu huyu akamwambia, usiandike kitu hapo, nina mwana ng'ambo."

Anthony alikaa chini pale pale kizingitini, akalia. Serah alikuwa ameishi naye miaka thelathini na hakuwa amewahi kuliona chozi lake.

Mzee Chiang akachovya kalamu ya brashi, akauliza majina ya wana wa kiume. Anthony akasema hana, ana mabinti wawili. Mzee, bila ubaya wowote, akaeleza desturi: mabinti hawaandikwi, na asiye na mwana huandikwa chini yake kwamba tawi limekoma.

Anthony alimtazama Anne, aliyekuwa amesimama karibu na mlango kabeba mkoba wenye dawa zake za presha. "Mwambie babu, kwa heshima zote," akamwambia Siok Ling, "tawi halijakoma, lile pale limenishikia mkoba. Kama mabinti zangu hawaandikiki, basi paache wazi."

Brashi ikawekwa chini. Walikunywa te kwenye vikombe vidogo mno, wakaagana vizuri. Ndani ya basi la kurudi Anne alishindwa kujizuia. "Dad, umengoja nafasi hiyo maisha yako yote!"

"Nilichongoja nimekipata, mama. Nimejua nilisubiriwa."

Hata hivyo sisi tuliomjua hatukudanganyika. Kila mwaka mpya wao alimpigia Bun Heng simu, Siok Ling akitafsiri, na kabla ya kuaga aliuliza, "Mzee Chiang hajambo? Na kitabu, hakijambo?" Akijibiwa kuwa vyote salama, alibaki dakika nzima ameshika simu iliyokwisha kukatika.

Februari 2006 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Serah, muuguzi wa miaka mingi, alilijua jibu kabla ya daktari kumaliza sentensi. Mzee aliugua kwa utulivu, akiwasahihisha madereva wa gari la wagonjwa njia fupi za kupitia. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2006, saa kumi na moja alfajiri, mkewe na mabinti wake wakiwa kando yake.

Jumanne wiki hii simu ililia nyumbani. Alikuwa Siok Ling, na Anne ndiye aliyepokea. Mzee Chiang, sasa ana miaka tisini na mmoja, alikuwa amekaa karibu naye, akimhimiza. "Anasema kila akikifungua kitabu macho yake yanakwenda pale peupe tu, miaka saba sasa," Siok Ling akasema. "Anasema amechoka kupatazama, na yeye naye anaondoka karibuni. Anauliza majina yenu yanatamkwaje. Ana brashi mkononi."

Anne aliyataja silabi kwa silabi, lake na la dada yake. Mzee kule akayarudia kwa sauti ya kutetemeka, akakosea, akarekebishwa, akayarudia tena mpaka yakakaa sawa.

Marehemu amewaacha mjane wake, Serah Wakesho. Binamu yake Tan Bun Heng na jamaa wote wa Chenghai. Jamaa wote wa Wundanyi. Jirani yake Bharti. Na watoto wake, kama walivyoandikwa: Tan Mkamburi, Tan Mkawasi.

Mungu ampumzishe mzee wetu kwa amani.