Sufuria ya Shemeji Haijatulia

Wanaosema benchi letu halina kazi hawajawahi kulikalia. Liko pale barabara inapokata kona, limeegemea ukuta wa nyumba ya ghorofa, na mbao zake zimelika kwa makalio yetu mpaka kila mtu ana shimo lake. Kushoto anakaa Wembe, kinyozi, ambaye wateja wake wakichoka kumngoja wanajinyoa wenyewe. Katikati ni Birika, muuza kahawa, na jiko lake dogo la gesi. Kulia, mlangoni pa banda lake, ni Soli, fundi viatu, anayeongea kama mtu mwenye misumari mdomoni, na kweli mara nyingi anayo. Halafu mimi. Wananiita Nahodha kwa sababu nilifanya kazi melini, jambo ambalo wenye wivu wanalitilia shaka. Siku ninayoisema, mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika, jua limerudi likiwa laini, lami inatoa mvuke mwembamba kama inapumua, na juu ya jiko la Birika hapakuwa na kahawa. Palikuwa na sufuria ya presha.

Sufuria ni ya mke wa Soli, ambaye sisi sote tunamwita Shemeji. Homa ilimshika ikamwachia mwili, lakini ikaondoka na pua. Tangu hapo hasikii harufu ya kitu chochote, na chakula chote kwake ni kama kutafuna boksi. Akawa anashinda juu dirishani, juu kabisa ya vichwa vyetu, anazidi kukonda. Asubuhi hiyo akamwambia mumewe kwamba labda, labda tu, angeweza kula lile pande la nyama la sufuria ya presha ambalo yeye mwenyewe huwa analipika. Soli, mtu ambaye hajawahi kuchemsha hata yai, alikimbia buchani na aproni yake ya ngozi. Halafu akateremsha sufuria kijiweni. Kwanza ili harufu impandie mkewe dirishani. Pili, kama alivyosema, "Niachwe peke yangu na hilo bomu? Siwezi."

Basi tukapika wote. Bega la ng'ombe, zima, halikukatwa. Tulilikaanga kila upande mpaka likapata rangi ya kiatu cha bwana harusi. Tukapanga vitunguu, karoti na viazi, tukamimina supu kidogo, tukafunga kifuniko. Shemeji akatuelekeza kutoka dirishani, kwa sauti ya mtu anayebania pumzi:

"Kile kidude cha juu kikianza kucheza, punguzeni moto. Mkishazima, msiiguse mpaka itulie."

Kidude kikaanza kucheza. Tukapunguza moto. Soli akainua uso.

SOLI: Mke wangu! Unasikia harufu?

Kutoka juu: "Hapana."

WEMBE: Atasikiaje na wewe umeifunga? Harufu yote imo humo ndani, imekaa kama mahabusu.

BIRIKA: Si inatoka na mvuke?

WEMBE: Hiyo inayotoka ni hewa tu, bwana. Harufu ni nzito. Inakaa chini na nyama yake.

BIRIKA: Acha hizo. Mvuke unapanda nayo mpaka mawinguni. Wewe mvua ya leo unadhani ni maji ya wapi? Michuzi ya watu hiyo. Mimi kuna mwaka nilinyeshewa njiani, nikalamba mkono. Maharage!

WEMBE: Maharage ya nani?

BIRIKA: Ningemjua ningemwambia aongeze chumvi.

MIMI: Nyinyi mnaongea mambo ya nchi kavu. Sisi injini ilituzimikia katikati ya bahari. Maji yametulia kama kioo, hakuna upepo, hakuna ndege. Fundi wa injini analia. Nikamwambia, futa machozi, nipe sufuria ya presha.

WEMBE: Tumeanza.

MIMI: Ilikuwa kubwa kama banda la Soli. Nikatia ng'ombe mzima, nikafunga, tundu la mvuke nikaligeuzia nyuma. Meli ikaanza kwenda, jamani. Pole pole, bila kelele, tunasukumwa na harufu ya nyama. Samaki wanatufuata vichwa juu. Usiku nyota zimejaa majini, huoni bahari inaishia wapi, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa anataka kufika.

BIRIKA: Si ndiyo ile meli uliyosema ilizama?

MIMI: Ilizama baadaye. Watu wameshakula.

Juu dirishani kukatoka kitu kama kikohozi, au kicheko kilichokosa nguvu. Soli aliruka.

SOLI: Mke wangu! Unasikia?

"Nawasikia nyinyi tu," ikajibu sauti.

Soli akarudi kukaa. Alichukua kiatu cha mtu, akakiangalia, akakirudisha chini bila kukigusa kwa sindano.

SOLI: Jana usiku nilimnyanyua nimgeuzie mto. Jamani, kuna viatu vinakuja hapa ni vizito kuliko yeye.

Sufuria ndiyo iliyoongea, tss, tss, tss, pole kabisa, mpaka tukajikuta tunapumua nayo. Jua likatembea juu ya ukuta. Mtu mmoja akapita na baiskeli kwenye dimbwi na maji yakafunguka pande mbili bila sauti. Ningeweza kuapa kwamba benchi lilikuwa linasogea.

Wembe ndiye aliyesema tuzime, maana nyama ikipitiliza inakuwa nyuzi. Birika akazima. Kidude kikacheza mara ya mwisho, kikalala. Sasa ikabaki kungoja itulie. Na hapo ndipo mambo yalipoanza, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyejua sufuria iliyotulia inafananaje.

SOLI: Imetulia?

WEMBE: Thubutu! Huo ni ukimya wa hasira. Mimi mtu akinyamaza ghafla kwenye kiti changu najua nimemkata. Mwache kwanza.

SOLI: Mpaka lini?

WEMBE: Mpaka apoe roho.

BIRIKA: Hasira gani? Hiyo imelala. Na chochote kilicholala kinaota. Hapo nyama inaota iko malishoni, majani yako magotini, umande, ndege mweupe kakaa mgongoni. Ukiiamsha ghafla inashtuka, inajikaza. Nyama za hotelini ngumu kwa nini? Wanaziamsha.

WEMBE: Na viazi navyo vinaota?

BIRIKA: Viazi vinaota giza tu. Ndiyo maana ni laini.

SOLI: Mimi nataka ale tu, jamani.

Akanyoosha mkono kwenye kifuniko. Mikono yetu mitatu ikamdaka pamoja.

WEMBE: Utaturusha!

MIMI: Soli, ndugu yangu, nisikilize mimi niliyeona. Ndani ya sufuria ya presha muda hauendi kama huku nje. Nyama ya kupikwa kutwa nzima inaiva mtu hajamaliza kikombe. Muda uliobaki unakwenda wapi? Umo humo, umekunjwa. Melini kuna mpishi alifungua mapema, mvuke ukampiga usoni, akaanza kutusimulia harusi ya binti yake.

BIRIKA: Kwani ajabu iko wapi?

MIMI: Binti alikuwa bado ananyonya.

Hata Wembe hakubisha. Tuliitazama sufuria. Nayo ilikuwa inang'aa kwa jua la mwishomwisho, na ubavuni mwake tulikuwemo sote wanne, wadogo, wanene, tumejikunja kama watu walioko upande wa pili wakingoja sisi tuondoke.

BIRIKA: Labda tuipigie hodi.

WEMBE: Ikijibu?

SOLI: Nimuulize?

WEMBE: Usimsumbue mgonjwa. Kwanza utaonekana hujui.

SOLI: Mimi sijui kweli.

WEMBE: Ndiyo, lakini usionekane.

Tukangoja. Birika akamwaga masalia ya kahawa ya asubuhi kwenye vikombe, baridi, chungu, tukanywa hivyo hivyo. Kikombe cha mwisho tulizungushiana. Soli hakunywa. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa benchi, mikono katikati ya magoti, akiliangalia dirisha, na dirishani hapakuwa na mtu.

Ndipo tukasikia ndara kwenye ngazi. Ngazi moja, kupumzika. Nyingine, kupumzika. Tulidhani ni yule mpangaji mzee wa chumba cha nyuma. Mlango ukasukumwa, akatokea Shemeji, shuka begani, kiganja kimoja ukutani. Soli alisimama, kiatu cha mteja kikadondoka kutoka mapajani mwake.

SOLI: Umeshukaje?

SHEMEJI: Kwa miguu. Nina njaa, nimekaa huko juu nangoja mniite. Nyinyi hapa mnangoja nini?

Swali lenyewe ndilo hilo. Wembe alimtazama Birika. Birika alinitazama mimi. Mimi, ambaye nimewahi kumjibu afisa wa forodha kwa lugha ambayo wala hakuna nchi inayoisema, nikaionyesha sufuria kwa kidole. Ulikuwa mchana tulipozima jiko. Sasa taa za mtaani zilikuwa zinaanza kuwaka.

Shemeji akakigusa kile kidude kwa ncha ya kidole. Hakikufanya lolote.

SHEMEJI: Hii imetulia zamani.

Akazungusha kifuniko. Mkono wake ulikuwa hauna nguvu, Soli akaweka wake juu, kikafunguka. Mvuke mchache uliobaki ukapanda taratibu, ukamfunika uso wote, naye hakurudi nyuma. Alifumba macho. Soli hakuuliza. Safari hii hakuthubutu kuuliza. Alikuwa ameshika kifuniko kifuani kama mtu aliyevua kofia.

Shemeji akakunja uso.

SHEMEJI: Nani katia kitunguu saumu humu?

SOLI: Mimi.

SHEMEJI: Kimezidi.

SOLI: Kimezidi?

SHEMEJI: Kinanuka, mpaka ngazini kitafika. Umetia kichwa kizima?

Soli akakaa chini. Si kwenye benchi, chini kabisa, kwenye lami iliyolowa, kifuniko bado mikononi.

SOLI: Hebu sema tena.

SHEMEJI: Nimesema kimezidi, baba wewe. Kinanuka. Na uinuke hapo kwenye maji, ulete sahani.

SOLI: Naenda. Sema tena, halafu naenda.