Boksi Nililolikalia: Kumuaga Gwantwa wa Duka la Vitabu

Baada ya miaka thelathini na mbili ya kazi katika duka la vitabu la kanisa hapa Tunduma, Bi. Gwantwa anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Kwa kawaida maneno haya huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Aliyeombwa aliandika nusu ukurasa, akasema yamekwisha. Nikasema leteni hiyo kalamu. Mimi ni mama yake mzazi. Shule niliishia darasa la nne, lakini huyu namjua kuliko ninyi nyote.

Alizaliwa kwetu Ileje, milimani. Dukani alianza kama mfagiaji, akapanda akawa wa kaunta, akapanda tena akasimamia stoo na mizigo yote inayokwenda wilayani. Sura nzuri ameitoa kwangu. Ukimya ni wa baba yake.

Msidhani alikuwa anauza daftari na penseli. Waliosoma wananiambia duniani kuna vitabu vimeuzwa mamilioni kwa mamilioni, vya hadithi, vya wapelelezi, vya kukufundisha utajiri. Baadhi alikuwa navyo rafu ya nyuma. Lakini kimoja kimeviacha vyote mbali, nacho ni kitabu cha Mungu. Hicho ndicho alichouza mwanangu, kwa Kiswahili, kwa lugha zetu za huku kama Kindali cha Ileje, na kwa Kibemba kwa ndugu zetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Kwa hiyo nikisema mwanangu ameuza kitabu kinachouzwa kuliko vyote ulimwenguni, sijisifu. Nasema kilichopo.

Wakulima wa kahawa wa Igamba na Ruanda, kule Mbozi, walimjia wakishavuna. Mabibi harusi walimjia. Madereva wa malori walimjia kabla ya kuvuka. Dereva mmoja alikiweka kitabu kwenye dashibodi, akarudi baadaye kutaka kingine kwa sababu jua limeunguza jalada. Gwantwa akakifungua kile cha zamani, akakuta kurasa bado zimeshikana. "Kaka, soma kwanza mstari mmoja hapa kaunta ndipo nikuuzie." Yule bwana akasoma huku foleni nzima inamsikiliza, jasho linamtoka kama anapakia saruji.

Sasa nifike kwenye jambo la mwaka huu, maana bila hilo hamtajua mnamuaga nani.

Mwezi wa kwanza mzigo wa Igamba ulikwenda na vitabu visivyo. Aliyepakia ni msaidizi wake, Boazi, kijana mzuri lakini mwenye haraka. Gwantwa akasema kosa ni lake. Meneja akamwambia mbele za watu, "Mama, mzigo mwingine ukipotea njia, utastaafu kimya kimya, bila sherehe wala cheti." Mwanangu alipokuja kunitembelea nilimwona ameacha kula vizuri. Mtu amefanya kazi ujana wake wote, halafu atoke kama mwizi?

Ikafika siku ya kipaimara kanisani kwetu Ileje. Askofu hupanda kule mara chache, na safari hii alikuwa anakuja. Sasa kwetu tuna utaratibu. Kitabu cha mtoto wa kipaimara hakifunguliwi na mtu yeyote mpaka msimamizi wake akifungue mbele ya kanisa na kusoma mstari wa kwanza anaokutana nao. Kikishafunguliwa ndicho chake mpaka kaburini, hakibadilishwi. Ndiyo maana boksi kutoka Tunduma likifika huwa halichunguliwi na mtu. Linakaa limefungwa mpaka ibada.

Jumapili ile asubuhi niko jikoni, simu ikalia. Gwantwa. Anahema.

"Mama, boksi lililoko kwenu ni la Kibemba. La Kindali limekwenda Nakonde kwa Mchungaji Watson. Ndiyo kwanza amefungua ameona."

"Sasa hivi ndiyo ameona?"

"Saa zao ziko nyuma ya zetu, mama. Yeye anasema bado mapema. Navuka kulichukua. Nakuomba, lisifunguliwe mpaka nifike."

Boazi tena. Nilivaa viatu bila kufunga kamba.

Kanisani nilimkuta Yesaya, mzee wa kanisa, amesimama karibu na boksi na kisu mkononi. Nikamweleza yote. Akatikisa kichwa. "Lina muhuri wa duka, Mama Gwantwa. Nikilifungua kuhakikisha, nimevunja utaratibu. Nisipolifungua, nitamwambia nini Askofu? Tutajua wakati wake ukifika."

"Wakati wake ukifika wasimamizi watakuwa wameshafungua, na watoto wetu wamepewa vitabu ambavyo hawawezi kuvisoma mpaka kaburini!"

"Ibada ina ratiba, mama."

Basi nikalikalia boksi.

Mnacheka. Mimi sikucheka. Askofu aliingia akanikuta hapo, mbele kabisa, kitenge changu kimelifunika. Nyimbo zikaimbwa. Mahubiri yakaanza. Nje mvua inanyesha, nami najua kipande cha juu cha barabara yetu hakina lami, ni udongo unaoteleza kama sabuni. Jirani yangu Enesi, ambaye hajawahi kunipenda tangu mbuzi wake walipokula maharage yangu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Leo kiti cha Askofu kina mwenzake."

"Afadhali mimi nimekalia vitabu. Wewe umekalia maneno ya watu."

Yesaya akaja, akainama sikioni kwangu. "Mama, mahubiri yanaisha."

"Mwambie aongeze."

"Siwezi kumwambia Askofu aongeze!"

Mahubiri yakaisha. Watoto wakaitwa, wakajipanga na wasimamizi wao nyuma yao. Yesaya akanyoosha mkono aniinue. Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi. Nikamwaza mwanangu akitoka dukani peke yake, bila hata mtu wa kumshika mkono. Nikasema, "Yesaya, utanibeba na boksi langu."

Ndipo pikipiki ikasikika.

Gwantwa aliingia amelowa mpaka kwenye mifupa, tope mpaka magotini, boksi amelifunga kwa nailoni na kulikumbatia kifuani. Lilikuwa kavu. Sijawahi kumwona mwanamke mzuri kama yule, na naomba mnisamehe, ni wangu.

Akaliweka chini, akamsalimu Askofu, akasema, "Kosa ni la duka, na mwenye dhamana dukani ni mimi." Jina la Boazi hakulitaja. Ningekuwa mimi ningelitaja mara tatu.

Watu wakaanza kupumua. Yesaya akashika kisu chake. Lakini Gwantwa hakuondoka. Akasema, "Kuna jambo jingine. Kitabu kimoja humu kimefunguliwa. Mchungaji Watson alikifungua ili ajue ni lugha gani, kisha akakirudisha kwenye karatasi yake."

Mnaelewa? Karatasi ilikuwa imekunjwa vizuri. Hakuna macho ambayo yangejua. Meneja wake yuko Tunduma anasubiri kosa, na yeye anasimama mbele ya Askofu kujiongezea la pili! Nilitaka nimvute gauni.

Yesaya akakunja uso. "Basi mtoto mmoja atasubiri Askofu atakaporudi tena."

Kila mama akamvuta mtoto wake karibu. Gwantwa ameinamisha kichwa, maji yanadondoka kutoka kwenye nywele zake.

Ndipo binti mmoja wa kipaimara, Lusungu, akasema, "Nipeni mimi cha Kibemba. Hilo boksi la bibi bado halijafunguliwa."

"Utakisoma wapi, mwanangu?" Askofu akauliza.

"Baba anauza mahindi Nakonde. Nitajifunza."

Nikainuka mwenyewe. Shangazi yake Lusungu ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Akakifungua kile kitabu, akasoma mstari wa Kibemba akikwaa kila neno kama anavuka mto kwa mawe, na kanisa zima likacheka kwa furaha. Askofu pia. Kisha wengine wakasomewa kwa Kindali, mmoja mmoja, na kila mstari ulinipoza moyo.

Jumatatu Gwantwa alikwenda mwenyewe kwa meneja, akamweleza makosa yote mawili. Meneja akasema atafikiri. Alifikiri wiki nzima, wiki ambayo nilishuka kukaa kwake Tunduma, na sote nyumbani tulikuwa tunakula tukitazama simu. Mwisho akapiga. Alikuwa amezungumza na Yesaya. Yesaya alimwambia, "Muuza vitabu tunaweza kupata mwingine. Wa kutuambia kuhusu kile kilichofunguliwa, sijui tutamtoa wapi." Meneja akauliza ukumbi unatakiwa wa watu wangapi. Nikamnyang'anya Gwantwa simu nikamjibu mimi: "Mkubwa."

Tunawashukuru wote mliofanya kazi naye, na wewe Boazi, ambaye sasa unakabidhiwa stoo. Haraka yako iache nyumbani, baba.

Gwantwa, mwanangu, unatoka mchana, kwa mlango wa mbele, watu wamesimama. Mungu akupe miaka mingi, magoti mazima na usingizi usiokatizwa na simu. Mama yako yupo hai na ameliona hilo.