Kikombe Chenye Rangi ya Kucha

Hebu fikiria benchi la mbao, mguu wake mmoja umewekewa tofali, mbele ya duka lililofungwa siku nyingi. Mama Kahawa yuko pembeni na birika lake, vikombe vimefunikwa kwenye sinia. Chini kuna kisanduku cha fundi viatu, lakini mwenyewe yuko wodini tangu Jumapili. Miezi mitatu hakumeza dawa zake za virusi vya UKIMWI, na sasa kifua kimembana. Wenzake wanatafuta sababu: Bunge, ambaye hafungi mdomo, na Daktari, aliyepata jina hilo kwa kufagia hospitali mwaka mmoja.

— Uvivu tu, alisema Bunge. Kidonge kimoja kwa siku kinamshinda mtu mzima?

— Si uvivu, kaka, alisema Daktari. Zile dawa zinataka shibe. Yeye alikuwa anashindia kahawa.

— Mbona mimi nashindia kahawa na nadunda?

— Wewe unameza nini zaidi ya maneno?

Mama Kahawa akacheka, akamimina.

— Mimi nasema ni ndoto. Aliniambia aliota viatu vyote alivyowahi kushona vimekuja kumdai miguu.

— Ndoto gani, akadakia Bunge. Ni ile simu. Kila siku saa tatu inalia, anameza. Mtu akiamrishwa na simu miaka minne, siku moja anaasi.

— Nyie hamjui, Daktari akashusha sauti. Kidonge kikizoea tumbo kinajiona mwenyeji. Kinakaa tu, kazi hakifanyi. Fundi kaligundua hilo.

— Hilo ulilifagia wodi gani?

Wakacheka. Hapo akafika mwanamke mwenye kapu, akasema yeye ni dada wa fundi, amefuata kisanduku. Wakampa pole, wakampisha akae. Akanyoosha mkono, akachukua kikombe kilichowekwa peke yake, chenye rangi nyekundu ya kucha kwenye kitako.

— Si hicho, dada, Mama Kahawa akamwahi. Hicho cha kaka yako.

— Ndicho alichomezea dawa?

— Ndicho.

Dada akakigeuza, akaikwangua ile rangi kwa ukucha. Haikutoka.

Mimi pia ni wa benchi hili; nilikuwapo siku kilipotiwa rangi. Miaka minne tulidhani vidonge vile ni vya presha. Tulipojua ni vya nini, Mama Kahawa akatoa kichupa mkobani, Bunge akamwonyesha pa kupaka, nami nikatazama pembeni. Fundi alikiona kesho yake. Simu ilipolia, akaizima, akaendelea kushona. Ni miezi mitatu sasa.

— Nesi anasema lazima iwe saa ileile kila siku, akasema dada. Saa hiyo atakuwa hapa kazini. Akirudi, atamezea kikombe kipi?

Bunge akatazama barabarani. Daktari akakung'uta suruali isiyo na vumbi. Mama Kahawa akatikisa birika, lililokuwa bado zito, akasema kahawa imekwisha.

Dada akabeba kisanduku, akaondoka.

Mengine uyasahau, lakini tafadhali kumbuka hili moja: mtu akitoa kidonge mbele yako, mpe maji kwa kikombe unachonywea wewe.