Mzee Mbise na Ijumaa za Kupanga Diski

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mzee Ebenezer Mbise, fundi kompyuta wa Ushirika wa Kahawa Mteremkoni, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Agnela Tarimo, kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa ndimi niliyekaa naye chumba kimoja muda mrefu. Haikuniuliza kama namwonea wivu. Ingeuliza, ningejibu ndiyo, tena sana.

Mzee Mbise ni mzaliwa wa Nkoaranga. Aliajiriwa kama karani wa mizani, na kompyuta ya kwanza ilipoletwa ofisini, wenzake waliifunika kitambaa cha kufuma na kuiogopa. Yeye aliomba ruhusa ya kuifungua aone ndani kuna nini. Baadaye alisomea ufundi hapa mjini, akawa fundi wetu wa kwanza.

Kilichompa jina ni kupanga diski. Kwa wasiojua, kompyuta za zamani zikitumika sana, faili moja hukatika vipande na kutawanyika ndani ya diski. Ukilifungua, mashine inahangaika kama mpishi aliyeacha sufuria Daraja Mbili na mfuniko Kisongo, nje kabisa ya mji. Kupanga diski ni kuvirudisha vipande hivyo pamoja, na kila Ijumaa Mzee alizunguka ofisini akiifanya kazi hiyo.

Mashine ikipangwa ni vizuri isiguswe, kwa hiyo mwenyewe hukaa bure. Mzee alikaa naye, na chupa ya kahawa ya shambani kwake, akasikiliza habari za wakwe, watoto na maumivu ya mgongo. Hans wa usafirishaji na Magdalena wa mauzo walikuwa hawasalimiani tangu kwaya ya usharika wao igawanyike. Mzee alizipanga mashine zao kwa pamoja, akawaweka chumba kimoja wasubiri, kisha akasingizia ana kazi stoo. Aliporudi walikuwa wakicheka, na kahawa imeisha.

Wakati huo mimi nilikuwa juu ya dari nikivuta nyaya za mtandao. Nikishuka na utando wa buibui kichwani, naambiwa asante dada, na chapati kafunikiwa Mzee. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kisha zikaja kompyuta mpya, ambazo diski zake hazizunguki wala hazihitaji kupangwa; ukizipanga unazichosha tu. Nikafurahi, nikapita kila ofisi kutangaza kwamba Ijumaa zimekwisha. Hedwiga wa masjala akaniuliza nani kanituma. Ijumaa iliyofuata wote walimwita Mzee awapangie diski kama kawaida. Naye hakubishana na mtu. Alifuta vumbi, akahakikisha nakala za akiba zipo, akafuta mafaili yasiyo na kazi, kisha akamimina kahawa. Watu wakaapa mashine zimekuwa nyepesi.

Kuanzia Julai kitengo ni changu. Nimekitamani kwa miaka, na sasa nimekipata naogopa kitu kimoja tu: kwamba simu haitalia. Wiki iliyopita Mzee alinizungusha kila mlango kunikabidhi kazi, akisema huyu ndiye fundi wenu, tena ananizidi. Walinisalimia vizuri, wakamgeukia yeye kumuuliza atapita lini. Hedwiga alisema mashine yake ina uzito kidogo, lakini ataivumilia hivyo hivyo mpaka Mzee aje kusalimia.

Mzee wangu, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa kazi, kwa subira na kwa kahawa. Tunakuombea afya njema, mikungu mizito ya ndizi na miaka mingi ya kupumzika pamoja na mkeo, Mama Elifuraha. Ofisi hii ni kwako, karibu tena wakati wowote. Ila nakuomba, usije mwaka huu. Nipe nafasi na mimi wanizoee.