Mikono Iliyorudi Kwenye Trekta

Asanteni, ndugu zangu. Mnaweza kuniachia mkono sasa, meza nimeigusa, nitasimama mwenyewe. Padri ameniomba nisiwachoshe, kwa sababu mbegu zenu bado zinangoja baraka na jua linapanda. Basi nitasema kama ninavyosema nyumbani. Mkiona ninawapa kisogo, mniite tu, nitageukia sauti.

Wengi hapa mnalijua shamba letu, kule kwenye barabara ya Kasomeno, baada ya kijito. Baba yangu alitoka kaskazini akiwa kijana kuja kufanya kazi kwenye karakana ya reli. Alipostaafu alipata kile kipande cha ardhi, na pamoja nacho trekta kuukuu ambalo wenyewe walikuwa wamelitupa kwenye majani. Akalifufua. Mimi nilikua mikono yangu ikiwa ndani ya mafuta ya lile trekta, na baba alipofariki likawa langu. Baadaye nikapata la pili, ambalo halikuwa la kutembea. Lilikuwa la kutoa vipuri. Moja linalima, jingine linaliwa. Tukikosa kipuri hata kwa hilo la kuliwa, nilikuwa napanda gari mpaka Mokambo, kwa wale wanaovuka kutoka Zambia na vyuma vilivyotumika.

Mke wangu, yeye alikuwa na bustani. Lengalenga, matembele, vitunguu, nyanya wakati wa kiangazi. Mimi nililima mahindi yetu na ya majirani, yeye alilisha sufuria za nusu ya mtaa huu. Hatukuwa watu wakubwa, lakini bukari, ugali wetu wa mahindi, na mboga havikukosekana mezani kwa watoto wetu.

Sasa niwaambie siku yenyewe.

Ilikuwa asubuhi, katikati ya kiangazi. Betri ya trekta ilikuwa imetoka kuchajiwa. Niliiweka mahali pake, nikainama kukaza waya. Cheche ikaruka. Ninyi wenye magari mnajua kwamba betri ikitoka kwenye chaji huwa inapumua hewa inayoshika moto. Ile ikapasuka mbele ya uso wangu. Sikusikia maumivu kwanza, nilisikia mlio tu, halafu nikasikia sauti ya mtu anapiga kelele, na mtu huyo alikuwa mimi.

Mke wangu alikuwa anamwagilia vitunguu. Alikuja na ndoo, akanimwagia. Akarudi kisimani, akanimwagia tena, huku amenifungua kope kwa vidole vyake, na mimi napigana naye. Hakuacha. Jirani yetu mmoja alisimamisha pikipiki, wakaniweka katikati, yeye mbele, mke wangu nyuma ananishika, tukaenda hivyo mpaka hospitali, mjini.

Daktari alikuwa mpole. Siku aliyofungua bandeji alikaa kitandani kwangu kabla ya kusema. Akasema, "Papa, bila ile maji ya bibi yako, hata uso haungebaki. Lakini macho, haitarudi." La kushoto linajua tu kama ni mchana au giza. La kulia halijui kitu.

Nilirudi nyumbani nikaketi.

Ndugu zangu, watu wanafikiri upofu ni giza. Giza unalizoea. Mimi kilichoniua ni kukaa. Nilipewa kiti ukutani, upande wa kivuli, na kila mtu aliyenipenda alisema neno lile lile: papa, kaa, papa, usisumbuke, tutakuletea. Walileta chakula, wakanipa kijiko mkononi. Walileta maji. Nikitaka kuinuka, mtu alikuwa ananishika bega ananirudisha chini, kwa mapendo kabisa. Na mimi nikaanza kuwa kama wanavyoniona. Nikaacha kunyoa ndevu. Misa nikasema sitaki, nitagongana na viti. Watu wa jumuiya wakija kusali kwetu, nilijifanya nimelala.

Wakati huo mke wangu alikuwa analima kwa jembe. Nilikuwa nasikia jembe. Nilisikia anavyolipiga asubuhi, haraka haraka, na anavyolipiga jua likiwa kali, polepole, na anaponyamaza nilijua amekaa chini. Mimi niko kivulini. Mwanaume aliyelima mashamba ya watu, anasikiliza jembe la mke wake.

Mvua ya kwanza ilikuwa karibu. Bustani ilikuwa imerudi nyuma mpaka matuta machache karibu na kisima, kwa sababu mtu mmoja hawezi kubeba maji na kulima na kuuguza. Siku moja akaja mnunuzi wa vyuma chakavu. Aliuliza matrekta. Nilisema kutoka kwenye kiti changu, "Beba yote mbili. Beba hata mwenye nayo." Mnisamehe, ndivyo nilivyosema.

Mke wangu alimsindikiza yule mtu mpaka barabarani. Sijui alimwambia nini, ila yule mnunuzi hakurudi tena. Na mke wangu, aliporudi, hakunigombeza. Aliingia tu nyuma ya nyumba, nikaanza kusikia chuma kinagongana na chuma.

Baada ya muda akaja, akaniwekea kitu mkononi. Kizito, kina mafuta.

"Hii njo nini?" akaniuliza.

Sikutaka kujibu. Lakini vidole vilishajibu. "Ni kifuniko ya chujio ya mazutu. Juu ya nini umeitosha ku mashini?"

"Nilitaka kuona ndani."

"Sasa hewa imeingia. Haitawaka."

"Aa," akasema. "Basi nimeharibu."

Akaenda. Akarudi na bulo, bolti ya kukaza. Ni ya wapi? Nikamwambia. Akarudi na pete ya mpira. Hii inakaa juu ama chini? Nikamwambia chini, na upande uliolika utazame ndani. Akarudi tena, na safari hii niliposhika nilikasirika, kwa sababu alikuwa amefungua kitu ambacho hakipaswi kufunguliwa ovyo. Nikasema, "Mama, acha. Unaua ile mashini."

Akasema, "Njoo wewe mwenyewe, basi. Miye sijue."

Niliinuka. Hakuna aliyenishika bega. Yeye alitembea mbele akizungumza ili nifuate sauti, akaniambia hapa kuna shimo, hapa kuna kamba ya nguo, inama. Nikafika. Nikaweka mkono kwenye boneti, ndugu zangu, na nilijua mahali pote. Nilijua ule mbonyeo wa siku baba alipoligonga lango. Nilijua kila bulo kama mnavyojua meno yenu kwa ulimi.

Tukaanza kutoa hewa kwenye njia ya mazutu, yale mafuta ya dizeli. Yeye anapampu kwa kile kimkono kidogo, mimi nimeweka kidole kwenye tundu. Mazutu yenye hewa yanatekenya kidole, yanapasuka pasuka. Yanapokuwa safi yanasukuma kwa pamoja, kama mshipa. Nikamwambia, "Pampu tena. Bado. Bado. Sasa." Nikakaza. Kazi ile nilikuwa naifanya kwa macho miaka yote, na macho hayakuwa na kazi hata kidogo pale.

Kisha nikamsikia anavuta kitu kizito kwenye udongo. Nikamuuliza ni nini.

"Betri," akasema. "Ndugu wa jumuiya aliitosha ku gari yake yenye ilikufa. Iko na chaji."

Nawaambia ukweli, nilishika gurudumu nisianguke. Harufu ile, asidi ile, ilikuwa tayari puani kabla hajaisogeza karibu. Nikasema hapana, twende ndani, tumefanya ya kutosha.

Akasema, "Papa, miye njo nitafunga waya. Simama mbali. Uniambie tu."

Nikamwona, ndiyo, mimi kipofu, nikamwona ameinama pale nilipoinama mimi. Nikafikiri, hawa watoto watabaki na nani wa kuwaonyesha njia. Nikamwambia, "Ngoja kwanza. Weka chini hiyo waya."

"Juu ya nini?"

"Juu wewe uko na macho. Miye sina tena ya kupoteza. Leta."

Halafu mke wangu akaanza kucheka. Alijaribu kuzuia, nikasikia anazuia, na mimi nikashikwa. Tulicheka tukiwa tumeegemea lile trekta mpaka jirani akaja kwenye ua kuuliza kama kuna mtu amekufa. Nilikuwa sijacheka tangu siku ile. Ninasikia na ninyi mnacheka, chekeni, ni ruhusa.

Nikamwambia asimame nyuma ya gurudumu kubwa, ageuze uso. Nilifungua vifuniko vya betri nikaacha upepo upite. Mikono ilijua kazi. Waya wa chanya kwanza. Ule mwingine mwisho. Hakuna cheche iliyoruka. Akapanda, nikamwonyesha kwa mkono wake pedali na ufunguo. Trekta likakohoa, likanyamaza, likakohoa tena, likashika. Sauti ile iliingia kifuani kwangu, nikakaa chini kwenye udongo nikalia. Mke wangu alikuwa juu kule hajui namna ya kulizima.

Sitawadanganya kwamba kuanzia pale mambo yalinyooka. Mistari yake ya kwanza haikunyooka. Siku ya kwanza aliingia kwenye shamba la mihogo la jirani, siku nyingine akaulaza chini uzio wa bustani yake mwenyewe. Mimi nilikuwa natembea nyuma, mbali kidogo, nasikiliza jembe la trekta linavyoingia ardhini. Likiingia sana, injini inanguruma kama mtu aliyebeba gunia. Likielea, sauti inakuwa nyepesi. Nilikuwa nampigia mluzi: mmoja inua, miwili shusha. Mpaka leo tunalima hivyo. Tulipanda mahindi yetu mvua ikiwa imeshaanza, tumechelewa, lakini tulipanda. Bustani imerudi mpaka kijitoni. Na matuta ya nyanya ninayafunga mimi, kwa kupapasa, wala sikanyagi.

Majirani nao wameanza kuniletea pampu zao za maji zilizogoma. Nikishindwa, nasema nimeshindwa. Ziko asubuhi ninapoamka bado nikitafuta mwanga, na siku hizo si nzuri, sina la kuficha.

Nataka kushukuru. Yule aliyesimamisha pikipiki, najua umekaa humu, Mungu akubariki na safari zako. Mama zetu wa jumuiya, mlikuwa mnakuja kumwagilia vitunguu vyetu nikiwa nimejifanya nimelala. Nilikuwa nawasikia mnavyopokezana ndoo bila kusema kitu, na sikuwahi kuwaambia asante. Naiweka leo mbele ya wote. Yule wa betri, gari lako lilikufa vizuri. Na mke wangu ameniomba nisimtaje, kwa hiyo nimemtaja tangu mwanzo.

Fundisho langu ni dogo. Asidi ikimrukia mtu, maji, maji mengi, hata akiwapiga. Na betri, mfungue vifuniko, mgeuze uso.

La pili ni hili. Nimeambiwa kuna mama amekuja leo ambaye mume wake alikatwa mguu juzi juzi, na kwamba huyo mume ameketi tu ukutani nyumbani. Sijui uko upande gani. Mama, mtu akiumia hivyo, sisi tunaomtakia mema tunamzika kwenye kiti. Ukirudi nyumbani, usimwambie maneno mengi. Tafuta kitu kilichoharibika, redio, mguu wa meza, chochote. Mwekee mapajani. Halafu ondoka uende jikoni, na akikuita akuulize ulikiharibu namna gani, usiende haraka.