Kisagio Nimempa Mkwe Wangu

Sikilizeni wanangu, na msinikatize, maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kubishana. Meneja, mwanangu wa kwanza, weka simu mfukoni, ghala lako halitahama leo. Nesi, binti yangu, niachie huo mkono, acha kunipima mapigo. Moyo unakwenda mbio kwa furaha, si kwa ugonjwa, na huko kazini kwenu sijaona kipimo cha kutofautisha hayo mawili. Na wewe mkwe wangu, mke wa Meneja, usisimame mlangoni. Ingia ndani kabisa, ukae hapa miguuni pangu, kwa sababu mengi ya leo yanakuhusu wewe.

Najua mnangoja niseme habari ya nyumba. Haya, nyumba ni yenu wote wawili, asiuze mmoja bila mwenzake. Makochi aliyoyashona baba yenu kwa mikono yake yasitolewe humu hata kama vitambaa vimechakaa, na mtu akitaka kuyabadilisha ayavue nguo tu, mifupa aiache. Paa la jikoni linavuja juu ya sinki. Lizibeni kabla hamjanizika, maana watu watakuja wengi na watasimama papo hapo. Basi, ya nyumba yamekwisha. Sasa tuje kwenye jambo kubwa, nalo ni kahawa.

Msitazamane. Akili zangu ninazo. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mimi nimeishi umri wote huu, nimekaa miaka na miaka pale kwenye mitambo ya simu nikiunganisha sauti za watu, nimezaa, nimezika mume, na kahawa nzuri nimeionja jana. Jana! Ndiyo maana nina haraka. Sitaki na ninyi muje kuionja mkiwa mmelazwa.

Tuanzie nyuma ili tuelewane. Mnakikumbuka kisagio cha baba yenu, kile cha mbao chenye mkono wa kuzungusha juu na kidroo chini, alichopewa na mteja wake aliyekuwa anahama. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda cha jikoni, akakibana katikati ya magoti, akasaga, na mlio ule ndio uliokuwa ukiwaamsha kwenda shule. Alipofariki mkawa mnapokezana kukizungusha, na mimi nikawa nalala macho wazi nakisikiliza. Kisha mkwe wangu, kwa moyo mwema wa kutaka kunisafishia jiko, akakiosha kwa maji na sabuni, akakianika, kikaota kutu meno kwa meno, kisizunguke tena. Alilia yule binti, mimi nilimwona. Na wewe Nesi ukamwambia neno. Nitalirudia, kwa sababu halijawahi kurudiwa hadharani na limekuwa likioza chini ya mkeka. Ulisema, "Baba tulimzika mara moja, wewe umemzika mara ya pili."

Tangu siku hiyo Meneja alimchukua mkewe akaondoka, na baada ya muda akaniletea lile dude la umeme la kupikia kahawa, lililojaza nusu ya meza, kama mtu anayelipa kosa. Tangu siku hiyo ninyi ndugu wa tumbo moja mnasalimiana kama majirani waliogombania ukuta. Na mkwe wangu, kila akija hapa na kahawa ikapikwa, husema, "Mimi maji yananitosha, mama." Wote tukasema hapendi kahawa. Nani kati yenu aliwahi kumuuliza? Hata mimi sikumuuliza.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Majuzi alipokuwa akinirudisha kutoka hospitali, ananisukuma kwenye kiti cha magurudumu, tukapita kwenye duka la vyombo. Nikamwambia nisimamishe, nimechoka kuona dari. Muuzaji alikuwa na maneno mengi kuliko bidhaa, akatuonyesha mashine zinazong'aa, hii inasaga, hii inapika, hii inatoa povu, hii unaiamrisha kwa simu ukiwa kitandani. Mkwe wangu akamwambia, "Nifungulie hicho kisagio nione ndani." Yule bwana akasita. Akasema watu hawafunguagi. Akajibiwa, "Mimi nafungua."

Wanangu, nilikaa wima kwenye kile kiti! Ndani mlikuwa na visu viwili, kama vya blenda. Mkwe wangu akaomba kisagwe kidogo, akatandika karatasi nyeupe juu ya kaunta, akamimina unga ule na kuusambaza kwa kidole. Vumbi huku, vipande kama changarawe kule. Akanieleza polepole, maana alijua sijui: visu hukatakata, havisagi, vumbi hutoa uchungu wote kabla kipande kikubwa hakijatoa kitu, ndiyo kikombe kinakuwa kichungu na chepesi kwa wakati mmoja. Kisha akaomba kisagio kingine, kidogo, cha mkono, chenye meno ya chuma yanayosagana na skrubu ya kuyasogeza karibu au mbali. Akatandika karatasi ya pili. Unga ukatoka sawasawa, chembe kwa chembe, kama mchanga mkavu.

Lakini mimi nilikuwa bado naitazama ile karatasi ya kwanza. Niliijua. Vumbi na changarawe, ndicho nilichokuwa nafuta kwenye meza ya jikoni kila asubuhi ya ndoa yangu. Meno ya kisagio cha baba yenu yalikwisha kabla hata hatujapewa, mteja yule hakuwa mjinga. Wanangu, kahawa ya baba yenu ilikuwa mbaya.

Cheka, Meneja, cheka tu, na mimi nilicheka mpaka muuzaji akaleta maji. Ilikuwa mbaya! Chungu, nzito chini, nyepesi juu, na nilidhani kahawa ndivyo ilivyo duniani kote. Niliinywa kwa sababu ya aliyenipa, na ningeinywa hata leo. Lakini ninyi mmenuniana miaka yote hii kwa ajili ya chombo kilichokuwa kimekufa kitambo, mkamvika mtoto wa watu lawama ya kuua maiti. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, ndivyo wanavyosema. Mimi nimelima vya kutosha, nataka kuona mnapatana.

Na yeye, mnajua alikojifunza hayo? Nilimuuliza njiani. Akasema baada ya lile neno alianza kuuliza watu, anasoma, anatazama, ili ajue alikosea wapi. Na alipojua kwamba kisagio huoshwa kwa brashi kavu tu, akanunua brashi, akakaa nayo kwenye pochi bila kisagio cha kusafisha. Nionyeshe, mkwe. Mwonyeshe Nesi. Haya, mmeiona. Kile kisagio kidogo cha mkono nilikinunua siku ile ile, pamoja na birika, na jana akanipikia.

Basi shikeni maneno yangu, niyaseme kabla sijachoka. Mtu akitaka kahawa nzuri nyumbani kwake, aanze na kisagio, cha meno, asidanganywe na visu, wala asianze na mashine. Rahisi huwa ghali, lakini na vyote ving'aavyo si dhahabu, kwa hiyo afungue aone ndani, atandike karatasi nyeupe. Halafu mizani ndogo ya jikoni, kwa sababu kijiko cha leo si kijiko cha jana. Halafu birika lenye mdomo mwembamba, maji yatoke kama uzi na si kama mafuriko. Akiishi peke yake, koni ya kuwekwa juu ya kikombe na karatasi ya kuchujia vinamtosha. Nyumba ya watu wengi inunue lile jagi la kioo lenye chujio la kusukumia chini, maana hakuna wa kusimama kumchujia kila mgeni. Na kopo la mfuniko unaobana, likae mbali na jiko, na kahawa inunuliwe kidogo kidogo, ikiwa nzima, ikiwa imekaangwa karibuni. Nimesahau kitu, mkwe? Maji. Ndiyo. Maji yakinuka dawa ya bomba, yachuje kwanza.

Lile dude lako, Meneja, lipeleke kazini kwako. Kila siku linawaka taa nyekundu, mara lina kiu, mara lisafishwe tumbo. Mimi nilizaa wawili, sikuomba wa tatu wa chuma. Usinune, nakushukuru, uliniletea kwa mapenzi.

Niinueni mto kidogo. Hapo. Hapo panatosha.

Birika jipya ni la Nesi. Kile kisagio cha baba kiwekeni kabatini kama kilivyo, na kutu yake, mkitaka kukishika mkishike, lakini mtu asisagie. Na kisagio kipya nimempa mkwe wangu. Si mkopo, si cha kukaa hapa, ni chake, na mtu asimwambie neno juu yake mimi nikiwa chini. Nesi, unanisikia? Yaliyopita si ndwele. Birika unalo wewe, kisagio anacho wifi yako, kila mtu anaweza kwenda dukani kununua alichokosa, najua, mimi si mtoto. Nawaomba msiende dukani. Muendeane.

Mungu awape umri, awape afya, awape watoto wa kuwachekesha mkizeeka kama mlivyonichekesha. Mikono yenu isichoke, meza yenu isikose mtu. Niliowakosea wanisamehe, nami sina kinyongo na yeyote, hata yule mteja wa baba yenu.

Sasa nendeni jikoni, ninyi wawili, wifi na wifi. Meneja, kaa na mimi. Acheni mlango wazi. Mmoja akishike, mmoja azungushe... polepole, si mbio za kukimbilia gari. Nasikia. Nilifanya kazi ya masikio, haya hayajazeeka. Unasikia, Meneja, hakikwami. Kinaimba.

Harufu hiyo... Niliwaambia.

Nesi. Nesi, mwanangu, kikombe cha kwanza usiniletee mimi. Nilikunywa jana. Mpe wifi yako. Usimwambie kitu, mpe tu, kwa mikono miwili.

Amepokea? Meneja, nishike. Anapuliza... namsikia anapuliza. Nyamazeni sasa, nimsikie akinywa.